Barua ya wazi: Kabla ya kujenga mtambo wa bayogesi, tuulizane kwanza habari za tope

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mtendaji Mkuu wa DAWASA (mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam),
Mkurugenzi Mkuu wa EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji),
Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam.

YAH: MAANDALIZI YA TOPE LA MAJITAKA KABLA YA KUZALISHA BAYOGESI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu mstaafu wa maabara ya maji na mkazi wa Vingunguti, ambako upepo ukigeuka jioni hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mabwawa ya majitaka yako jirani. Siandiki kulalamikia harufu, kwa kuwa nyumba niliijenga mabwawa yakiwepo na nilijua ninachokifanya. Naandika kwa sababu katika kila mazungumzo ninayoyasikia kuhusu kugeuza topekinyesi la jiji hili kuwa gesi ya kupikia au umeme, hutajwa tangi, hutajwa jenereta, yakatajwa na majiko ya shule na magereza, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza tope lenyewe litakuwa katika hali gani siku linapomiminwa ndani ya hilo tangi. Kwa uzoefu wangu, swali hilo ndilo linaloamua kama mtambo utatoa gesi au utakuwa shimo jingine la choo, tofauti yake ikiwa gharama tu.

Ombi langu nalitanguliza ili msomaji asiye na muda alipate mapema. Kabla ya kusainiwa mkataba wowote wa mtambo wa bayogesi utakaotumia topekinyesi la Dar es Salaam, kazi ya kuliandaa tope, yaani kulichuja, kulipunguza maji na kulipasha moto, iandikwe kwenye michoro na kwenye bajeti kama kiungo cha mtambo wenyewe, isiachwe iwe nyongeza ya kufikiriwa iwapo fedha zitabaki. Fedha hazibaki.

Bayogesi hutengenezwa na vijidudu wa aina mbalimbali, ambao hapa nawaita wote bakteria, wanaofanya kazi kwa kupokezana pasipo hewa ya oksijeni. Kundi la kwanza huvunjavunja mafuta, protini na nyuzinyuzi ziwe vipande vidogo vinavyoyeyuka majini. La pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi. La tatu huzirahisisha asidi hizo hadi ziwe siki pamoja na haidrojeni. La nne ndilo linalotoa methani, yaani gesi inayowaka, ambayo huwa asilimia 55 hadi 70 ya gesi yote, sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa kaboni dayoksaidi. Kwenye tope la majitaka, kundi linalochelewesha wenzake mara nyingi ni lile la kwanza. Mama anayetaka kupika maharage kwa mkaa mchache huyaloweka tangu usiku, na hakuna mtu anayemwambia kuwa maji ya kulowekea si sehemu ya mapishi. Kuliandaa tope ni kazi ya namna hiyo hiyo: tunamsaidia bakteria wa kwanza ili wa nne asikae anasubiri.

Ugumu huu huongezeka kadiri jiji linavyoondoka kwenye mabwawa na kuelekea kwenye mitambo inayopuliza hewa ndani ya majitaka. Tope linalotoka kwenye mitambo ya namna hiyo kwa sehemu kubwa ni miili ya bakteria wenyewe, waliojikusanya pamoja na ute wao, na kila mmoja ana ukuta wa seli uliotengenezwa kwa ajili ya kustahimili. Ukiliingiza hivyo hivyo kwenye tangi la nyuzi joto 35, linaweza kukaa siku 20 au 30 na kutoka nje likiwa na zaidi ya nusu ya chakula chake bado kimefungwa ndani. Ndiyo maana wenzetu walianza kulipika. Katika mji wa Hamar, Norwei, tangu katikati ya miaka ya 1990 tope hutiwa mvuke kwenye chombo kilichofungwa hadi nyuzi 160 au 165, likakaa hapo kama nusu saa kwa mgandamizo mkubwa, kisha mgandamizo ukaachiliwa ghafla na kuta za seli zikapasuka. Mtambo wa Blue Plains wa mji wa Washington, Marekani, ulianza kutumia njia hiyo mwaka 2015. Tope lililopikwa hivyo huwa jepesi kukorogwa, na tangi moja linaweza kupokea takribani mara mbili ya tope lililokuwa likipokea awali.

Sishauri tuagize mtambo huo. Unahitaji boila ya mvuke, valvu zisizovumilia mchanga, na mafundi wanaolala karibu. Tena hulipa vizuri pale ambapo tope ni jingi, linatoka sehemu moja na linafika kila siku kwa kiasi kile kile. Sisi tope letu kwa sehemu kubwa linafika kwa gari la kunyonya, linatoka kwenye mashimo na makaro ya watu maelfu kwa maelfu, na msimu wa masika hubadilika kabisa. Ninachokishauri ni cha chini zaidi: nyuzi joto 70 kwa muda wa saa moja. Hapo seli hazipasuki kwa kishindo, lakini ute unaozishikilia hulegea, mafuta huyeyuka, na kazi ya bakteria wa kwanza hupungua. Dar es Salaam, ambako tope hufika likiwa tayari na nyuzi 27 hivi, tunaanzia juu kuliko Mnorwei anayeanza na tope lenye baridi ya theluji.

Niliyajaribu haya nyumbani, na naeleza nilivyofanya ili mnihukumu kwa haki. Nilichukua madumu manne ya lita 20. Mawili niliyatia topekinyesi bichi kutoka choo cha kulipia cha sokoni, ambacho shimo lake hunyonywa mara kwa mara. Mawili niliyatia tope la karo la nyumbani kwangu, lililokuwa limekaa miaka minne. Katika kila jozi, dumu moja liliingia likiwa bichi na la pili baada ya tope lake kupashwa kwenye sufuria kuukuu, kipimajoto changu cha kazini kikisoma 70 kwa saa nzima. (Mke wangu alinihamishia nyuma ya banda la kuku siku ya kwanza kabla hata sufuria haijapata moto. Mtu mwingine asijaribu hivyo. Mvuke ule una gesi za kuua.) Madumu yote niliyaongezea mbegu ya bakteria kutoka mtambo wa samadi wa rafiki yangu mfugaji wa Pugu, nikafunga kila moja kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili gesi ijionyeshe.

Mpira wa tope bichi lililopashwa ulianza kujaa siku ya nne. Mwenzake ambao tope lake halikupashwa ulianza siku ya saba, na kufikia mwisho wa mwezi ulikuwa umemfikia kwa kiasi kikubwa. Maana yake ni kwamba joto halikuongeza sana jumla ya gesi ya tope lile bichi, liliiharakisha. Kwa mtu mwenye madumu manne hiyo ni tofauti ya siku tatu, lakini kwa mtambo wa jiji ni tofauti ya ukubwa wa tangi, kwa sababu tangi hujengwa kwa kuzidisha kiasi cha tope kinachoingia kwa siku na idadi ya siku litakazokaa humo.

Mipira ya tope la karo, lililopashwa na lisilopashwa, ililegea yote miwili mwezi mzima kama baiskeli iliyotelekezwa. Nawaomba mlitazame jambo hili kuliko lote nililoandika. Tope lililokaa miaka minne kwenye karo limeshameng'enywa humo humo, na methani yake imetoka kidogo kidogo kupitia bomba la hewa. Hakuna moto, chokaa wala mtambo wa Ulaya utakaoirudisha. Mabwawa yetu nayo hali ni hiyo: ukisimama ukingoni asubuhi kabla upepo haujaanza, utaona viputo vikipanda kutoka chini, vimoja vimoja, kama maji yanayokaribia kuchemka. Kila kiputo kina gesi ambayo kwa muda wa miaka 100 huongeza joto la dunia takribani mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule. Gesi ya tope la zamani tumeshaipoteza. Ya kuvunwa ni ile ya tope jipya: vyoo vya masoko na stendi, mabweni, kambi, hospitali, na tope linalotoka kila siku kwenye mitambo ya kuchakata majitaka.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza hayahitaji mashine yoyote. Ni kumuuliza dereva wa gari la majitaka ametoka wapi. Tope la choo cha sokoni lielekezwe kwenye mtambo wa gesi, na la karo la miaka mingi lipelekwe moja kwa moja kwenye vitanda vya kukaushia. Kitabu cha risiti na geti mbili vinatosha kuanzia.

Baada ya hapo ni maji. Tope linaloletwa na magari mara nyingi lina yabisi (vitu vigumu visivyo maji) asilimia 1 hadi 3 tu, yaani tunasafirisha maji yenye rangi. Kupasha mita moja ya ujazo kutoka nyuzi 27 hadi 70 kunahitaji joto la kilowati-saa 50 hivi. Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina nishati ya kama kilowati-saa 6, hivyo ukihesabu na joto linalopotea utachoma gesi mita 10 kwa kila mita ya tope. Sasa tope jipya lenye yabisi asilimia 2 litakupa gesi mita 4 au 5. Umekula mtaji na bado una deni. Tope hilo hilo likikamuliwa hadi yabisi asilimia 8, mita moja itatoa gesi karibu mita 20 huku joto linalohitajika likiwa lile lile, na hapo hesabu inageuka. Ikiwa tope linalotoka na nyuzi 70 litapitishwa kwenye mabomba yanayolipasha linaloingia, nusu ya joto hilo hurudi. Na ikiwa kuna jenereta ya gesi, ambayo hugeuza asilimia 35 hadi 40 tu ya nishati kuwa umeme na kupoteza iliyobaki kwa moshi na maji ya kupozea injini, basi maji hayo ya kupozea, yenye nyuzi 80 na zaidi, yanaweza kulipasha tope lote pasipo kuchoma gesi hata kidogo. Anayeleta andiko la mradi lenye kupasha tope bila kulikamua kwanza, mrudishieni andiko lake.

Kabla ya maji kuna uchafu mwingine, nao hauna utaalamu wowote wa kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua mtambo wa bayogesi wa shule moja ya bweni ambao ulikuwa umezimika. Jengo lilikuwa zuri, kuba limepigwa plasta vizuri, jiko limefungwa jikoni. Tulipofungua, tulikuta theluthi ya chini imejaa mchanga ulioshikamana kama zege, na juu yake blanketi la pedi, nywele za bandia, mifuko na vipande vya kanga. Bakteria hawakuwa na mahali pa kukaa. Chujio la nondo lenye nafasi ya vidole viwili pamoja na kisima kidogo cha kutuliza mchanga vingeuokoa mtambo ule, na havikuwekwa kwa sababu mchoro ulinakiliwa kutoka mtambo wa samadi, na ng'ombe hatupi pedi chooni.

Kuhusu njia nyingine sitakaa sana. Chokaa na kostiki soda huvunja ute wa tope, ila huupandisha ualkali wa tope mpaka kiwango ambacho bakteria wa methani, wanaopenda pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 7 au karibu yake, hawakiwezi, halafu sodiamu ikizidi nayo huwazuia. Mawimbi ya sauti ya kilohezi 20 na kuendelea hupasua seli vizuri sana maabara, lakini hula umeme mwingi na vichwa vyake huliwa na mchanga. Ozoni ni ghali. Zitafitiwe vyuoni, zisiingie kwenye mkataba wa kwanza.

Sababu iliyonifanya nishike nyuzi 70 badala ya njia nyingine si gesi peke yake. Ni mchicha. Mbolea inayotoka kwenye mtambo wa bayogesi wa nyuzi 35 bado inaweza kubeba mayai ya minyoo hai, kwa kuwa yai la askarisi lina ganda linalovumilia mwezi mzima ndani ya tangi. Saa moja kwenye nyuzi 70 hulimaliza, na bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo hufa mapema zaidi. Bustani za mboga zinazotuuzia mchicha na matembele ziko bondeni mwa mito ya jiji hili, na mkulima akipewa mbolea ya bure ataitumia bila kusubiri cheti. Mtambo unaotoa gesi nzuri na mbolea yenye mayai ya minyoo utakuwa umehamisha choo kutoka shimoni hadi kwenye sahani. Kwa hiyo hata pale ambapo ongezeko la gesi litakuwa dogo, kupasha tope kunajilipa kwa afya, na hesabu za EWURA za bei na gharama ziipe faida hiyo nafasi yake badala ya kupima kilowati tu.

Kuna fursa nyingine iliyo umbali wa kutembea kwa miguu. Machinjio ya Vingunguti na mabwawa ya Vingunguti ni majirani. Yaliyomo kwenye tumbo la ng'ombe ni majani yaliyokwisha kusagwa na kuanza kuchachuka, yenye bakteria wengi wa kuvunja nyuzinyuzi, na yakichanganywa na topekinyesi jipya husaidia kuanzisha kazi. Mabaki ya mafuta ndiyo yanayotoa gesi nyingi zaidi kwa kilo. Tahadhari ni kwenye damu: ina protini nyingi, protini hutoa amonia, na amonia ikizidi huwaua bakteria wa methani, kwa hiyo ipimwe na iingie kidogo kidogo. Maganda na mikungu ya soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo yanaweza kuusawazisha mchanganyiko huo, yakikatwakatwa kwanza. Tukumbuke kwamba wazo la gesi itokanayo na taka si geni hapa: miaka ya 1990 jiji hili lilipangiwa mradi ulioitwa Takagas, na baadaye Hale mkoani Tanga mabaki ya mkonge yaligeuzwa umeme. Tatizo letu halijawahi kuwa wazo.

Najua nitaulizwa kwa nini tuhangaike na gesi ya choo ilhali gesi ya Songosongo inafika Ubungo tangu 2004 na Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Swali ni la haki. Mtu mmoja hutoa kinyesi cha kutengeneza bayogesi kama lita 20 hadi 30 kwa siku. Familia ya watu sita haifikishi hata saa moja ya jiko la kichwa kimoja. Ni rahisi kuchukua watu 5,383,728 wa Sensa ya 2022, ukazidisha, ukapata mita za ujazo zaidi ya 100,000 kwa siku, na namba ikapendeza kwenye andiko, wakati wengi wa watu hao tope lao limelala shimoni miaka mitano. Hatutaliwashia jiji taa kwa njia hii. Lakini tope lipo, litaendelea kuwepo, na ni lazima lichakatwe hata kama gesi yake ingekuwa sifuri, la sivyo mvua zikianza tutaendelea kuona watu wakitapisha vyoo kwenye mifereji usiku. Gesi inaweza kulipa umeme wa pampu na vipuliza hewa vya mtambo wenyewe, na inayobaki ikaenda kwenye jiko la taasisi jirani, katika wakati huu ambapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa na Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Gesi hiyo ikaushwe na kupitishwa kwenye vumbi la chuma kabla ya kufika kwenye jenereta, kwa sababu haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza hula injini, na kwa wafanyakazi huua. Vifaa vya kuipima viwe vya kila zamu, si vya mgeni rasmi.

Ninachoomba kifanyike mwaka huu hakigharimu mabilioni. Kwa misimu miwili, kiangazi na masika, magari yanayoshusha tope yachukuliwe sampuli zikionyesha chanzo, umri wa tope, yabisi, sehemu inayooza na kiasi cha mchanga. Maabara za Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zipewe kazi ya kupima gesi inayotoka kwenye sampuli hizo, bichi na zilizopashwa nyuzi 70, kwa siku 30 kila moja, na matokeo yabandikwe hadharani kabla ya zabuni kutangazwa, ili kila mzabuni achore mtambo wa tope la Dar es Salaam na si wa tope la kwao. Mkataba nao ulipe kwa gesi iliyopimwa na kwa mbolea iliyokutwa haina mayai ya minyoo, kwa angalau mwaka mmoja baada ya uzinduzi.

Madumu yangu manne bado yapo nyuma ya banda la kuku, pamoja na daftari la vipimo vya kila siku. Mtaalamu wenu yeyote akitaka kuyaona, aje asubuhi kabla ya jua kali; tutapita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha nitampeleka ukingoni mwa bwawa avione viputo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Vingunguti, Dar es Salaam